Mkono wa mtoto nao utazamwe



Kiwandani sote tunajua: mashine ikiwekwa juu kupita kimo cha mtu, mgongo humwuma na kazi huharibika. Msimamizi asiyeelewa humwita mvivu. Watoto wetu nao huitwa hivyo shuleni.

Mwenzetu mmoja hapa Bujumbura alituletea daftari la mwanawe. Mtoto hujibu vizuri kwa mdomo, lakini herufi zake hupanda na kushuka, na mkono huchoka kabla ya nusu ukurasa. Amerudia darasa mara mbili. Hakuna aliyetazama anavyoshika kalamu.

Uko utabibu unaoshughulikia jambo hilo, nao huitwa ergoterapia. Wenye ujuzi huo wana shirikisho lao la dunia tangu 1952, na jirani zetu Tanzania huwafundisha huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Mpimaji hampi mtoto mtihani wa kufaulu au kushindwa. Huingia darasani akaangalia: Je, miguu inafika chini? Kalamu inashikwaje? Mtoto ananakili ubaoni bila taabu? Anafunga vifungo mwenyewe? Kisha huwauliza mwalimu na wazazi. Mwisho husema kibadilishwe nini: kibao cha kuwekea miguu, kalamu iliyozungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, nafasi karibu na ubao, au muda zaidi wa kuandika.

Hiyo si sadaka. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na Kifungu cha 24 chataka mtoto asaidiwe shuleni kwa kadiri ya mahitaji yake. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2018 nayo inalinda haki za walemavu.

Wapimaji ni wachache, lakini tusikae tukingoja. Mzazi, nenda kwa direkta na daftari mkononi, uombe mtoto atazamwe akiandika kabla hajarudishwa darasa. Usimgombeze mwalimu, naye ni mfanyakazi, na darasa lake limejaa. Mwenye mtoto mlemavu wa viungo aulize Taasisi ya Saint Kizito hapa mjini, au kituo cha taifa cha CNAR kule Gitega.

Nanyi wajumbe wa viwandani na mashambani, tieni dai hili katika mazungumzo na waajiri: mzazi anayempeleka mtoto kupimwa apewe ruhusa bila kukatwa mshahara.

Kiwandani tunadai chombo kimfae mfanyakazi. Tudai na dawati limfae mtoto wake.