Kabla ya Kununua Gari Lililotumika Katavi: Nyaraka na Hatua za Uhakiki

Kwa kaya ya mkulima wa mpunga, mahindi au tumbaku mkoani Katavi, bei ya gari la familia huwa ni akiba ya misimu kadhaa. Hasara ya ununuzi usio makini haiishii kwa fundi: gari linaweza kuzuiliwa kwa kodi isiyolipwa, au ikabainika kuwa muuzaji hakuwa mmiliki. Uhakiki, kwa hiyo, hauna budi kutangulia malipo.

Hatua ya kwanza ni kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mnunuzi anapaswa kuona kadi halisi, si nakala, na kulinganisha jina lililomo na kitambulisho cha muuzaji. Namba za chasisi na injini zilinganishwe na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Iwapo kadi imeshikiliwa na benki kama dhamana ya mkopo, barua ya benki inayothibitisha kuwa deni limekwisha ni ya lazima. Ofisi ya TRA Mpanda ndiyo mahali pa kuuliza kama kumbukumbu hizo ni sahihi, na kama gari liliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Gari la msamaha likiuzwa kwa mtu asiyestahili msamaha huo, kodi yake hudaiwa.

Namba ya usajili nayo isimpotoshe mnunuzi. Herufi zake za mwisho huonesha mfuatano wa usajili nchini, wala si mwaka wa kuundwa kwa gari. Kibao cha njano ni cha gari binafsi na cheupe ni cha biashara. Gari lililowahi kubeba abiria kwa malipo huwa limechakaa zaidi ya umri wake.

Kuhusu historia ya ukaguzi, gari lililotoka Japani huja na cheti cha usafirishaji nje, ambacho huweza kuonesha kilomita zilizosomwa huko. Odometa ikionesha kilomita chache kuliko cheti, imechezewa au imebadilishwa. Ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hivyo muuzaji aombwe nyaraka za ukaguzi huo. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani huthibitisha hali ya gari siku lilipokaguliwa tu. Kwa gari lililozoea barabara za vumbi na matope, fundi asiye na uhusiano na muuzaji akague shokamzoba, breki na fremu.

Madeni ya faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, na uhalali wa bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, hivyo stika yake ya zamani si uthibitisho wa lolote.

Baada ya kuridhika, pande zote mbili zitie saini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha zikamilishe uhamisho wa umiliki TRA. Hadi hatua hiyo ikamilike, kumbukumbu za Serikali zitaendelea kumtambua muuzaji kuwa mmiliki, hata kama fedha zote zimekwisha kulipwa.