Dirisha lililofunika jina la mama

Wandugu wa lisansi, najua mulizoea niandike juu ya karanga na muhogo. Leo niko na kosa langu la kompyuta, lakini mutaona shamba haliko mbali.

Nilitengeneza programu ndogo ya kuandika mbegu zinazopewa wakulima wa Kasongo na Kabambare. Kompyuta yangu ni ya zamani, umeme ni wa jua tu. Njo maana sikuweka mapambo: programu inatembea ndani ya terminali, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu, kwa Python na curses. Orodha ya majina iko nyuma. Ukichagua jina, dirisha dogo linatokea juu ya orodha, linakuuliza: kilo ngapi? Hilo njo dirisha linaloelea.

Terminali ni kama shamba lililopimwa kamba. Muhogo unapandwa mita moja kwa mita moja; huku kila herufi iko na shimo lake, na hakuna nusu shimo. VT100 ya mwaka 1978 ilikuwa na safu 80 na mistari 24, na mpaka leo terminali nyingi zinafunguka kwa kipimo hicho. Hesabu inaanza 0, kwa hiyo mstari wa mwisho ni 23. Dirisha linataka namba nne: urefu, upana, mstari wa kuanzia, safu ya kuanzia. Angalieni, mstari unatangulia, si kama tulivyozoea kwenye grafu za shule.

Mimi niliweka dirisha katikati. Urefu 10, upana 50: (24−10)/2 ni 7, (80−50)/2 ni 15. Likapendeza kabisa! Kumbe lilifunika mstari uliochaguliwa. Siku moja kidole kilishuka jina moja zaidi, dirisha likaficha kosa, na kilo za mama mmoja wa Kabambare zikaandikwa kwa jirani yake. Siku ya kugawa akarudi na kikapu kitupu. Nilitafuta sana namna ya kumuelezea, nikakosa.

Dawa ilikuwa kulifunga dirisha kwenye jina lenyewe. Linaanza mstari mmoja chini yake. Kama nafasi haitoshi, linapanda juu. Jina likiwa mstari wa 20, dirisha la mistari 10 halienei chini, basi linaanza mstari wa 10 na kuishia wa 19. Jina linabaki wazi. Nikaandika tena jina hilo kwenye mpaka wa juu wa dirisha, kwa sababu siamini macho ya saa kumi jioni. (Mpaka nao unakula: katika upana 50, maandishi yanabaki na 48.)

Halafu rafiki akafungua programu kwa telefone yake, ndani ya Termux, safu 45 tu. 45−50 ni −5. Mwanzo wa dirisha ukatoka nje ya skrini, curses ikakataa, programu ikakufa palepale mbele ya watu. Sasa naomba vipimo vya skrini kwanza. Upana ni 50 au upana wa skrini ukitoa 2, ule ulio mdogo, na mwanzo haushuki chini ya 0. Klavye ya telefone ikifunguka, mistari inapungua, kwa hiyo hesabu yote inarudiwa, na urefu nao unakatwa kama juu na chini hapatoshi.

Kuhusu kupanga madirisha mengi, curses iko na paneli zake: inachora la chini kwanza, la juu mwisho, na ukiondoa la juu inarudisha kilichofunikwa. Mimi nilifanya kwa mkono, nikaacha matundu kwenye orodha. Musinifuate.

Mukitaka kujaribu ya kwenu, vutieni terminali mpaka ibaki safu 30, chagueni jina la mwisho kabisa, halafu mufungue dirisha.