Kalibu Ikipinda, Matofali Yote Hupinda

Kazi ya kurudiarudia huuchosha mkono, na mkono uliochoka hukosea. Ndiyo maana mfyatua matofali hutumia kalibu, na mshonaji wa sare hukata kwanza kipimo cha karatasi kabla hajagusa kitambaa. Waandishi wa programu za simu nao wanayo kalibu yao: ni programu fupi ambayo kazi yake ni kuandika sehemu za programu nyingine.

Chukua mfano wa programu ya chama cha akiba na mikopo. Kila habari ya mwanachama, kama vile jina, namba, akiba na deni, hupaswa kuandikwa mahali pasipopungua panne: pa kuitaja, pa kuiunda, pa kuipokea kutoka kompyuta kuu ya chama, na pa kuirudisha huko. Habari 20 zahitaji mahali 80. Mwandishi aliyechoka akiandika “akba” badala ya “akiba” pale pa kupokea, askari aliye mbali na nyumbani aweza kuonyeshwa kwamba hana kitu, hali fedha zake zipo salama.

KAZI YA KALIBU

Lugha ya Dart hutumiwa pamoja na Flutter, chombo cha kampuni ya Google ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Humo mwandishi hutaja habari zake na namna ya kuziunda, kisha huiamuru programu iitwayo json_serializable. Hiyo huandika yenyewe sehemu za kupokea na kurudisha, katika faili la peke yake. Juu ya faili hilo huwekwa onyo kwamba lisibadilishwe kwa mkono.

Onyo hilo lina maana. Kalibu ikitumika tena, faili zima huandikwa upya, na sahihisho lililotiwa kwa mkono hufutika. Anayetaka kusahihisha na asahihishe kule chanzo kilipo.

HATARI YAKE

Wako waandishi wanaojitengenezea kalibu zao wenyewe, na hapo ndipo uangalifu unapotakiwa zaidi. Kosa la mkono huharibu mahali pamoja. Kosa la kalibu huharibu kila mahali. Kalibu ikiamriwa kwamba kila chenye tarakimu ni hesabu, namba ya uanachama inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, vivyo hivyo na namba ya simu. Kosa hilo huenea katika kumbukumbu za wanachama wote kwa siku moja.

Wazazi wenye vijana wanaojifunza kazi hii na wawahimize kwanza kuandika sehemu hizo kwa mkono, hata wazielewe. Baadaye watumie kalibu, wasome ilichoandika, na wakijaribu kwa habari za mtu mmoja kabla ya kuwatumikia watu elfu. Fundi hodari hulipima tofali la kwanza kabla ya kufyatua la pili.