Mpangaji kaingia mitini, kodi ya miezi mitano kwaheri!

JAMANI, mjini shule, na ada yake mimi nimeshalipa. Wiki hii nasema na nyie vijana wenzangu mlioachiwa nyumba na wazazi, mkadhani kazi ya mwenye nyumba ni kukaa barazani na kupokea noti.

Baba alipofariki alituachia nyumba ya vyumba sita pale Tandika. Mama ana presha na sukari, kwa hiyo mwaka 2022 daftari la wapangaji nikakabidhiwa mimi, binti wa miaka 25. Kodi ile ndiyo dawa za mama na ndiyo ugali wetu.

Chumba na sebule cha mbele akakichukua kaka mmoja mtanashati, muuza simu Kariakoo. Bei shilingi 100,000 kwa mwezi. Akalipa miezi mitatu taslimu, mimi nikaona ya nini kuandikiana. Mtu kila asubuhi "shikamoo mama", jioni kamletea bi mkubwa machungwa, utaanzaje kumtajia mkataba?

Miezi mitatu ikaisha. Akanitumia meseji: "Sista, mzigo wangu umekwama, wiki ijayo nakupa chako chote." Wiki ikawa mwezi. Mwezi wa pili akaniletea chipsi kuku, nami nikala! Kufika mwezi wa nne nilikuwa nikimwona namkwepa, utadhani mimi ndiye ninayedaiwa.

Mwezi wa tano tukaenda msibani Mbagala, tukalala huko. Tunarudi, majirani wananiambia saa nane usiku kirikuu kilikuja kupakia. Televisheni, friji na godoro vimekwenda. Mlangoni kufuli, simu haipatikani. Laki tano hiyo, wapenzi wasomaji!

Usiku ule mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, dawa za mwezi huu umeshanunua?" Nilikuwa sijanunua. Nikatoka nje nikalia peke yangu.

Washikaji wa kijiweni wakanijaza: vunja mlango, uza kilichobaki, sambaza picha yake mtaa mzima na neno "mwizi". Hasira zilivyonipanda, nyundo nilishaishika. Bahati nzuri nikapitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

"Binti yangu," mzee akaniambia, "ukivunja peke yako, kesho atakuja kusema ndani aliacha milioni mbili. Mdaiwa atakuwa nani hapo?"

Basi kufuli likavunjwa mbele yake, mbele ya mjumbe na majirani wawili. Ndani tukakuta kochi kubwa na kabati. Kila kitu tukakiandika, wote tukasaini, vitu nikavifungia stoo bila kuuza hata mto.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria akanifungua macho. Kumbe ile sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mambo ya upangaji sasa yanatazamwa kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kesi zake zina mahali pake, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chini ya sheria ya mwaka 2002. Akaniuliza mkataba uko wapi. Nikainama. "Basi usifute meseji zake hata moja," akasema, "humo anakiri deni kwa mkono wake mwenyewe."

Kumpata ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilizungukia madereva wa kirikuu pale sokoni, wa tatu akamkumbuka: alimshusha Gongo la Mboto. Nikaenda na mjumbe, mkononi barua ya mwenyekiti, bila mgambo wala matusi.

Alitoka nje amekonda. Biashara ilikufa miezi sita nyuma, fremu ya Kariakoo alishainyang'anywa. "Sista, nilikuonea haya," akasema. Nikabaki nimeduwaa. Kumbe yeye alikuwa ananikwepa mimi, na mimi namkwepa yeye, huku deni linanenepa!

Tukaandikiana mbele ya mjumbe: kochi liuzwe likate deni, lililobaki alipe 50,000 kila mwezi. Kochi likatoka kwa 150,000. Akalipa miezi minne, 200,000, kisha akabadilisha namba. Imebaki 150,000. Barazani naweza kwenda, karatasi ninayo. Ila nikipiga hesabu ya nauli na siku za kupoteza, naona hiyo ndiyo ada niliyowaambia pale juu.

Leo mpangaji wangu haingii bila mkataba, nakala ya kitambulisho, na mdhamini ninayepajua kwake. Kodi inapita kwenye simu ili iache alama. Ikichelewa wiki moja nagonga mlango, naamkia, nauliza. Mwenye shida ya kweli tunapanga naye siku hiyo hiyo, na tunaandika. Aliyefiwa na biashara anaweza kulipa deni la mwezi mmoja. La miezi mitano litampandisha kirikuu usiku.

Chipsi kuku mtu akiniletea siku hizi nakula. Nikishamaliza nanawa mikono, namuuliza kodi.

Tukutane wiki ijayo.