Gesi Imepanda Milima ya Upare

Gesi ya kupikia inapofika vijiji vya Upare kama Chome, Suji au Mamba, mazungumzo huwa ya bei ya mtungi na umbali wa duka. Mnunuzi huambiwa machache mno kuhusu mwenendo wa gesi yenyewe ikivuja, na hilo linanitia wasiwasi.

Serikali imelenga kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote: moshi wa kuni unaua, na msitu wa Shengena umekatwa vya kutosha. Ila moshi unauona, unakukohoza, unakutoa nje. Gesi haionekani.

Mtungini mna propani na butani zilizogandamizwa hadi kuwa kimiminika. Lita moja ikitoka hugeuka lita 250 hivi za gesi. Kwa asili haina harufu. Ule uvundo huongezwa makusudi ili pua ishtuke. Tena ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kufuata mteremko kama maji yaliyofunguliwa kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, kisha hutuama shimoni au chumba cha chini. Nyumba nyingi za milimani zimekaa kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa nyuma ukitazamana na kingo ya udongo. Dirisha la juu pekee halitoshi. Gesi itokee mlangoni. Ikifikia asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi ya taa inaweza kuilipua.

Baridi nayo ina yake. Butani huacha kugeuka gesi ipasavyo joto likikaribia nyuzi 0, na mtungi hupoa zaidi kadiri unavyotumika. Ndiyo maana asubuhi ya Julai moto hufifia ilhali mtungi haujaisha. Anayeharakisha uji wa watoto hushawishika kuusogeza karibu na mafiga. Asithubutu! Shinikizo la propani ni takriban mara 8 ya hewa ya kawaida kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 40 hukaribia mara 14.

Halafu kuna jambo linalosahaulika kabisa. Mafiga yalikuwa yanapika na kupasha nyumba joto. Gesi inapika tu. Kwa hiyo usiku jiko la mkaa huingizwa chumbani, milango ikafungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hapati hata dalili ya kumwamsha. Kampeni ya nishati safi isiyozungumzia joto la kulalia imeacha nusu ya hatari palepale.

Muuzaji apime mtungi kwenye mizani mbele ya mteja, afunge regulata, apake povu la sabuni kwenye maungio: mapovu yakichemka, panavuja. Bodaboda aubebe ukiwa wima. Na kwa kuwa gari la zimamoto lina safari ndefu kupanda huko, jirani ndiye mwokoaji wa kwanza. Afunge vali, afungue milango, asiguse swichi yoyote, awatoe watu wote, na simu ya 114 aipige akiwa nje, mbali na nyumba, upande wa juu wa mteremko.