Jinsi Vitabu vya Kikopti Vilivyotawanyika Vinavyounganishwa Upya

Katika makumbusho na maktaba za Paris, London, Vienna na Cairo yamo majani ya ngozi yaliyoandikwa kwa Kikopti, mengi yao kati ya karne ya 9 na ya 12. (Kwa neno “jani” tuna maana ya kipande cha kitabu chenye kurasa mbili, ya mbele na ya nyuma.) Sehemu kubwa ilitoka mahali pamoja: Monasteri Nyeupe, karibu na mji wa Sohag, Misri ya Juu, ambayo katika karne ya 5 iliongozwa na mtawa Shenoute. Kikopti ni hatua ya mwisho ya lugha ya Misri ya kale, nacho huandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za asili ya Kimisri.

Vitabu hivyo vilichakaa na kufumuka, na majani yake yakachukuliwa mafungu mafungu. Katika miaka ya 1880 Gaston Maspero aliipatia maktaba ya taifa ya Ufaransa maelfu yake.

Je, jani lililoko Vienna latambuliwaje kuwa ndugu wa lile la Paris? Msingi wake ni hesabu nyepesi. Wakopti walitumia herufi kama tarakimu, wakaziandika kwenye kona za juu za kurasa. Kwa kawaida ngozi nne zilikunjwa katikati, zikafanya mkunjo wa majani 8, yaani kurasa 16. Tuchukue jani lenye kurasa za 33 na 34. Mikunjo miwili imekwisha kwenye ukurasa wa 32. Basi jani hili lafungua mkunjo wa tatu, na hapo awali lilikuwa ngozi moja na jani la kurasa za 47 na 48.

Ngozi yenyewe nayo hushuhudia. Upande uliokuwa na manyoya huwa na umanjano na vitundu vya vinyweleo. Wa ndani huwa mweupe zaidi. Mafundi walizipanga ngozi ili kurasa zinazotazamana zifanane. Ukurasa wa 34 ukiwa wa manyoya, wa 35 hutazamiwa kuwa vivyo hivyo. Mwandiko na idadi ya mistari vikilingana, na sentensi iliyokatika ikaendelea, shaka haipo tena.

Kwa njia hii Stephen Emmel, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, alionyesha mpangilio wa maandishi ya Shenoute: mabuku tisa ya Kanuni na manane ya Hotuba. Kwa hiyo katalogi isiyotaja nambari za kurasa, hata ikisifu uzuri wa mwandiko, haimfai sana mtafiti. Ukurasa wa 34 ukifuatwa na wa 37, twajua kwa yakini kwamba jani moja limepotea, na twajua nambari za kutafuta.