Bamvua: Fizikia Tuliyotoka Nayo Pwani

Wanachama wenzetu wanaosoma sayansi huambiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya fizikia. Basi tuanze na maji ya bahari.

Mwezi huivuta dunia, lakini si kila upande kwa nguvu sawa. Maji yanayouelekea huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Yaliyo upande wa pili huvutwa kwa nguvu ndogo zaidi. Tofauti hiyo huinua maji pande zote mbili. Dunia ikizunguka, pwani nyingi hupata kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa kuwa mwezi nao unasogea.

Jua pia huvuta bahari, kwa athari inayokaribia nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, vyote vitatu hukaa katika mstari mmoja na nguvu hujumlishana: ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa pembeni na maji hupanda na kushuka kidogo tu: ndiyo maji mafu.

Unguja, akina mama wanaolima mwani hushuka shambani bamvua linapokupwa. Wanaijua kalenda hii vizuri.

Maneno, basi, tunayo. Tukiulizwa tena darasani, tujibu kwa mfano wa bamvua, kisha tuendelee kukusanya mengine.